Nilimtuliza Fundi, Akanitajia Alipo Mwanawe

Mpendwa Maman mshauri, naomba msaada wako, na naomba usome barua hii ukiwa peke yako kabla ya kumpa mtu wa gazeti aipige chapa, kwa sababu siku hizi sijui tena nani anasoma nini katika mji huu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani katika ofisi moja ya Ibanda. Kazi yangu ni kupokea barua, kuziandika katika daftari, kuzipa namba na kuzipeleka kwa mkubwa, na tangu nianze sijapoteza hata karatasi moja. Mwaka huu niliona tangazo la mafunzo ya kuwa mtaalamu wa tiba ya hypnose, yaani kumwongoza mtu kwa sauti mpaka akili yake itulie kama ya mtu anayesinzia, kisha kumsaidia kupunguza hofu au maumivu, na nilijiandikisha kwa sababu watu wengi wanaofika kwenye dirisha langu wana macho ya watu wasiolala, na nilikuwa naona aibu kwamba kitu pekee ninachowapa ni namba.

Mama yangu aliniuliza, "Ile kazi ya kulalisha watu, padiri anaijua?" Nikamweleza kwamba haiko uchawi, kwamba hata hospitalini wengine wanaitumia, akasema, "Basi bakulalishe weye kwanza, uache kuamuka mara tatu kuangalia kama mulango imefungwa." Mwenzangu wa ofisi, Joviale, kila nikimtazama anajifunika uso na faili: "Secrétaire, usiniangalie sana, nitasinzia na chef iko hapa."

Mwalimu wetu tunamwita Maître Télesphore. Ni mtu mpole, na sauti yake inashuka polepole mpaka unajikuta unapumua pamoja naye. Lakini, Maman, mimi ni mtu wa karatasi na mambo kama haya nayaona. Kwangu alisema alisomea Kampala, kwa Noëlla tunayesoma naye alisema Lubumbashi, na siku tulipomwomba atuonyeshe cheti chake alicheka akasema kimepelekwa kufunikwa plastiki. Pazia za salle yetu ya masomo hazifunguliwi hata mchana. Nyuma kabisa anakaa bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye hafanyi zoezi lolote na hafumbi macho wakati sisi wote tumefumba, na tulipouliza ni nani tukaambiwa ni observateur, yaani mtazamaji, basi. Nilimnong'oneza Noëlla, anaangalia nini? Akanijibu, "Anaangalia wenye banauliza maulizo mingi. Nyamaza."

Ili kupata brevet, yaani cheti cha kuhitimu, kila mwanafunzi lazima afanye mazoezi na watu watano, arekodi sauti kwa simu, na ajaze fiche, fomu fupi ya maelezo, kwa kila mtu. Wa tatu wangu alikuwa jirani yetu, Papa Patrice, fundi cherehani, ambaye mkono wake wa kuume umekuwa ukitetemeka tangu mwaka jana na waganga hawakuona ugonjwa. Mtaa mzima unajua kwamba mkono huo ulianza kutetemeka baada ya mtoto wake Grégoire kuondoka, na mtaa mzima unajua kwamba Grégoire alikwenda Bujumbura kusoma, na kwamba wako watu waliopita kumwulizia, mara mbili, ambao sitasema ni nani.

Nilimketisha kwenye kiti chake mwenyewe dukani, nikamwambia atazame bobini moja ya uzi ukutani, nikahesabu kutoka kumi kurudi chini kama tulivyofundishwa, akafumba macho, mabega yakashuka. Kisha nikasema maneno ya somo la nne: nenda kwa akili mahali ambapo moyo wako unatulia, uniambie unaona nini. Mimi nilitegemea aseme kijijini kwao, au kanisani. Papa Patrice akasema anaona mashamba ya mpunga, anaona nyumba ya shemeji yake yenye mlango wa buluu, anaona Grégoire amekaa uani anamenya mihogo, amenenepa kidogo. Nyumba hiyo iko [jina la kijiji nimelifuta mimi, Mshauri wenu], karibu na [hapa pia nimefuta], na haiko Bujumbura hata kidogo. Nilipomrudisha, akashika kikombe cha chai na chai haikumwagika. Akautazama mkono wake muda mrefu, akasema, "Mutoto yangu, sijue balikufundisha nini kule, lakini uendelee." Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama siku ile.

Sasa jambo lenyewe. Maître amenidai audio ya Papa Patrice mara tatu, wakati zile nne nyingine hajazigusa. Jumamosi iliyopita alinishika bega mlangoni, yule bwana wa kalamu akiwa nyuma yake, akasema, "Bwana secrétaire, kazi yako na fundi ni muzuri sana. Huyo kijana wake, bado iko kule?" Nikamwuliza kwa nini anauliza. Akasema, "Ndio kufuatilia mugonjwa. Mugonjwa anafuatwa."

Utaniuliza alijuaje habari za kijana kama audio bado ninayo mimi. Hapa naona haya. Ile fiche ilikuwa na mistari sita tu: umri, shida, mbinu, muda, matokeo, tarehe. Niliona haitoshi kwa kazi iliyofanyika vizuri, kwa hiyo nikaandika procès-verbal, taarifa rasmi ya kurasa mbili, yenye namba, yenye majina kamili, mtaa, na yote aliyoyaona Papa Patrice kwa mpangilio wake, kama tunavyofanya ofisini, nikampelekea Maître na nikamfanya asaini accusé de réception, karatasi ya kukiri kwamba ameipokea. Nakala ninayo kwenye kabati.

Maman, naomba uniambie: huyu Maître ni mwalimu kweli, au ni mtu aliyetumwa kusikiliza midomo yetu tukiwa tumefumba macho? Je, nimpe audio au nisimpe? Nikimnyima nitapoteza brevet, na labda ataliandika jina langu mahali. Na Papa Patrice, ambaye kila asubuhi ananisalimia kwa mkono ule uliotulia, nimwambie au nimwache na amani yake? Namba yangu ya simu iko hapa chini, pamoja na jina la ofisi na mlango ninaokaa.

Karani wa Ibanda

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu karani,

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii ilinifikia wiki saba zilizopita, na kwamba majina yote nimeyabadilisha. Siku ileile nilikupigia simu. Leo naichapa kwa sababu fundi mwenyewe ameruhusu, na kwa sababu mwanawe ameshahamishwa kutoka pale alipokuwa.

Ulinikasirisha. Barua nzima unatetemeka kwamba mji una masikio, halafu unaniandikia mimi, mtu usiyemjua, jina la kijiji, jina la shemeji na rangi ya mlango wake. Rangi ya mlango nimewaachia wasomaji kwa sababu umeshapakwa rangi nyingine. Mengine yote niliyafuta kwa kalamu yangu, nikanakili yaliyobaki, na karatasi yenyewe nikaichana. Ulifanya kosa lilelile mara mbili, na mara zote mbili ulilifanya kwa mwandiko mzuri.

Unataka kujua Maître wako ni nani. Sijui. Mtu anayetaja miji miwili na cheti kilichokwenda kufunikwa plastiki anaweza kuwa amepandikizwa, au anaweza kuwa tapeli wa kawaida mwenye aibu ya kukosa shule, na bwana wa kalamu tatu anaweza kuwa mdogo wake asiye na kazi. Anaweza hata kuwa mwalimu mwema aliyesoma kurasa zako mbili akamhurumia yule kijana. Umetumia miezi mitano kumchunguza yeye, pazia zake na macho ya yule bwana wa kalamu. Lakini fiche yake haikuuliza jina la mtu yeyote. Ilikuwa na mistari sita. Kuanzia wa saba na kuendelea uliiongeza wewe.

Na usijifariji kwamba fundi alisema kwa kuwa umemlalisha. Nimemwuliza daktari mmoja anayetumia tiba hii na wagonjwa wake. Anasema mtu aliyetulizwa hivyo hapotezi akili wala haporwi siri. Anasikia kila neno na anaweza kukataa. Papa Patrice alijua anamwambia nani. Alikuwa anamwambia mtoto wa jirani.

Nilipokuambia kwenye simu utoke ofisini saa ileile uende kwake, ulinijibu, "Maman, niandae kwanza barua ya maelezo." Nikakuambia ukiandika hata mstari mmoja nitakuja mwenyewe nikutoe kwenye dirisha lako mbele ya watu. Ukaenda. Hilo naliheshimu. Ulinieleza baadaye jinsi alivyokusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza, akaifunika mashine kwa kitambaa, akasema, "Rudi nyumbani, mutoto," akafunga duka. Kwa siku sita halikufunguliwa. Siku ya saba alirudi.

Audio uliifuta nikiwa bado kwenye simu. Nakala ya kabatini uliichoma kwenye imbabula, jiko la makaa la mama yako, vizuri. Ile aliyonayo Maître hatuwezi kuirudisha, kwa hiyo iache; usiende kuidai, usiende kubishana, usimwonyeshe accusé de réception. Mwambie kazi ya ofisi imezidi, na usirudi. Noëlla umwambie vivyo hivyo, kwa mdomo, mkiwa njiani.

Kazi yenyewe sikukatazi. Mji huu unawahitaji watu wanaojua kumtuliza mwenzao, na inaonekana sauti unayo. Lakini tafuta mahali ambapo mwalimu anaonyesha cheti siku ya kwanza bila kuombwa, ambapo kuna daktari au muuguzi anayesimamia mazoezi, na ambapo mtu anayekaa kwenye kiti anaambiwa kabla ya kufumba macho sauti yake inakwenda wapi na nani ataisikia. Papa Patrice hukumwambia kwamba unarekodi kwa ajili ya mtu mwingine. Nilikuuliza, ukakiri. Mahali pasipo na hayo, baki kwenye dirisha lako na uendelee kugawa namba.

Sasa umenipigia tena juzi. Unasema mkono wa fundi umeanza kutetemeka upya, kwamba anakuitikia salamu bila kukutazama, na unaniuliza kama unaweza kumwomba akae tena kwenye kiti umfanyie séance nyingine, safari hii bila simu na bila fiche. Hapana. Usimguse kwa sauti yako. Dawa yako kwake imekwisha, na ukimwomba utakuwa unajiponya wewe.

Lakini mtu anayetetemeka mkono hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na wateja hawasubiri. Ofisi yako inafungua saa mbili. Yeye anafungua saa moja. Kila asubuhi ingia dukani, salimia, chukua sindano zake zote, zile za mkono na ile ya mashine, zitungie uzi wa rangi alizozipanga mezani, uzichomeke kwenye mto wake, uende kazini. Usiulize habari za kijana. Usiulize kama amekusamehe. Akikufukuza, ondoka, na kesho yake urudi saa moja.