Makala ya Pumzi za Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua cha baridi kimekuacha? Vaa soksi mbili, usijifanye shujaa. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Habari za Baba nitazifikia, usiruke mistari.

Uliniuliza kuhusu kazi. Bado niko maktaba ya chuo, kwenye kile chumba chenye dirisha lisilofunguka. Sheria inasema utafiti uliolipiwa na umma lazima usomwe na umma bila malipo, basi kazi yangu ni kuwasumbua watafiti wanipe makala zao niziweke mtandaoni. Wakiniona kwenye korido wanajifanya wanaongea na simu. Nikiipata makala naisoma kuhakikisha ndiyo yenyewe, halafu naifunga. Ndiyo, naifunga! Jarida lililoichapisha limeruhusiwa kuiuza mwaka mzima kabla ya mwananchi wa kawaida kuiona.

Baba unamjua. Tangu alipopuliza kwenye mrija wa watafiti wa ile dawa ya mapafu yenye vumbi la mawe, pamoja na wachonga mawe wenzake, anaihesabu makala yao kuwa yake. Kilichotoka mtandaoni ni muhtasari tu: dawa imesaidia baadhi ya wagonjwa. Baadhi gani, haukusema. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, ananiuliza, "Wamefungua?" utadhani anaulizia duka. Namwambia bado. Anacheka mpaka anakohoa. "Kodi yangu, pumzi zangu, halafu mimi ndiye nisubiri mlangoni!"

Vidonge vya dawa hiyo anaendelea kumeza. Anatapika, anapangusa mdomo, anameza vingine. Shati lake la kazi linampwaya siku hizi. Anasema akiisoma makala atajua kama naye yumo kwenye hao baadhi.

Mdogo wangu, makala ilinifikia mezani mwezi uliopita. Niliisoma kwa sababu ndiyo kazi yangu. Dawa imewasaidia wale ambao mapafu yao yalikuwa hayajakakamaa. Wale ambao yalishakakamaa haikuwafanyia lolote. Picha ya kifua cha Baba nilikutumia, uliiona mwenyewe. Nikajaza tarehe ya kufunguliwa, mwezi wa tisa mwakani, nikaifunga.

Nilimnong'oneza daktari wake, yule mama mpole wa zahanati, ambaye naye alikuwa ameishia kwenye muhtasari kama sisi. Akasema, "Vidonge tunaweza kuviacha, lakini mzee lazima aambiwe kwa nini. Mwambieni nyinyi, mimi nitakuwepo." Nimejaribu. Nakaa kitandani kwake, naishia kumkunjia blanketi. Kufuli lile la mwaka mzima nimelilaani tangu nilipoajiriwa. Sasa Baba akiniuliza najibu bado, na moyoni nashukuru kwamba sijadanganya. Naona aibu sana.

Uliandika kwamba utakuja makala itakapofunguliwa, tuisome pamoja na Baba. Usingoje. Omba likizo sasa, hata ya wiki moja. Sina tumaini la kukupa, na daktari hana. Mwezi wa tisa Baba hataufikia. Njoo tumwambie pamoja, mmoja kila upande wa kitanda, aache vidonge, angalau chakula kikae tumboni siku zilizobaki. Peke yangu siwezi.

Shangazi anakusalimu, anasema umekuwa mzungumzaji wa sikukuu tu. Shemeji yako anakusalimu pia, na bado anadai koti lake uliloondoka nalo. Mungu akutangulie njiani na akulinde hadi mlangoni kwetu.

Baba naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alivua miwani, akasema nikuulize kama huko uliko wewe wameshafungua.

Ni mimi ninayekupenda na kukungoja,
Dada yako