Mikono ya Kobelo

Matombo, Jumanne jioni

Sasa najua kwa nini Kobelo anataka kuacha pombe.

Siku ya tatu leo anakuja shuleni nimwombee. Udadisi wangu huu! Nikamwuliza kilichomzindua.

"Mikono inatetemeka, Mwalimu. Jumbe kanituma nikaue mtu, na jana nimelenga papai nikaua mbuzi wangu."

Nikacheka. Kumbe hatanii.

"Mtu gani?"

"Aliyemshtaki jumbe kwa barua kule bomani, kwa Mdachi. Jina nitaambiwa Jumapili."

Barua ile niliiandika mimi.

Tukasali kama kawaida. Nilipomshika mikono, ilikuwa imetulia kabisa. Sijawahi kuona sala yangu ikijibiwa upesi hivi.

Nimemsihi mke wangu apike pombe. Anasema itaiva Jumamosi.