Dinosaria Mwekundu wa Gertrude

Mwanamina, nakuandikia kabla sijavua hata viatu.

Unajua mjukuu wangu Gertrude amechora dinosaria, yule mnyama wa kale, atundikwe kwenye maonyesho hapa Voi. Miezi miwili anachora! Leo bwana wa kuchagua picha katoka Nairobi na tai yake shingoni, akaitazama, akacheka. Akacheka, Mwanamina!

"Nani alikuambia dinosaria alikuwa mwekundu? Mpake kijivu, la sivyo mtoe."

Gertrude akamjibu kwa adabu kwamba mnyama mkubwa hujigaragaza, akashika rangi ya udongo anaolalia.

"Upuuzi." Upuuzi, ati!

Nikavumilia, nikavumilia, kisha nikamuuliza, "Bwana mkubwa, ndovu wetu wa hapa wana rangi gani?"

"Kijivu, nyanya. Hata mtoto anajua."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi kama matofali, bwana huyu kawapita njiani akija, amelala ndani ya gari moshi! Huyo ndiye wa kutufundisha habari za wanyama waliokufa zamani!

Hata hivyo bwana hakubadili neno lake. Gertrude naye hakupaka kijivu. Tumeikunja picha, tumerudi nayo nyumbani. Kesho bwana yule atawaonyesha wageni wake misumari minne mitupu ukutani.