Wametoa Wawili Kumpata Wilkin

Consuelo,
San Pedro de Macorís.
18 Desemba 2018

Mpendwa Dada Mireya,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye theluji. U hali gani? Mgongo umepona, au bado unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano? Shemeji Radhamés hajambo? Sisi huku wazima. Mama anatushinda wote kwa kula na anatushinda wote kwa kulalamika, kwa hiyo usimhofie.

Sasa kaa kitako. Mwanangu Wilkin anakuja kucheza besiboli katika jiji lenu! Timu ya huko kwenu imemchukua awe mdakaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Na hawakumpata hivihivi. Wametoa warushaji mpira wawili ili wampate yeye mmoja. Wawili, dada!

Ilikuwa hivi. Novemba timu yake ya zamani ilimwingiza kwenye wale arobaini ambao timu nyingine haziruhusiwi kuwanyakua. Nikasema basi, mwanangu kafika. Nikapaka nyumba rangi ya kijani ya timu, mpaka mlango wa choo. Kumbe kunyakuliwa ni jambo moja, na wakubwa wenyewe kukaa wakabadilishana wachezaji ni jambo jingine.

Jumapili iliyopita alikuwa anachezea timu yetu ya hapa nyumbani, maana huko kwenu ligi imelala. Mimi niko jukwaani na sufuria ya pasteles za Krismasi, zile za nyama za kufungwa majani, mapajani. Katikati ya mchezo kocha akamtoa. Hajaumia, hajakosea. Mara naona wenzake wanamkumbatia mmoja baada ya mwingine, naye kainamisha kichwa. Nikajua kuna msiba. Nikajua ni mama yetu! Nikavuka uzio na sufuria yangu, nalia, mlinzi nyuma yangu.

"Mama, nyamaza, hajafa mtu!" Wilkin akanidaka. "Wamenibadilisha."

"Wamekubadilisha nini?"

"Timu, mama. Nimepelekwa timu nyingine."

Jukwaa zima likaangua kicheko. Huku hata mtoto anayenyonya anajua mchezaji akikumbatiwa kabla mechi haijaisha ameshahamishwa. Mimi peke yangu nikasahau, tena siku ya mwanangu mwenyewe. Basi nikafuta machozi, nikawagawia pasteles walionicheka, nikatoka kichwa juu.

Chepe kinyozi bado hajaniacha. Kila nikipita anapaza sauti: "Mama Wilkin! Hiyo nyumba ya kijani sasa tuiite nini, mgomba?"

Jana nikasimama mlangoni kwake, wateja wote wanasikia. "Chepe, mwanangu timu moja ilimtaka, nyingine ikamtaka zaidi. Wewe nani aliwahi kukugombea? Hata mkeo alikurudisha kwa mama yako."

Wembe ulimponyoka, dada. Mteja akatoka na ndevu upande mmoja.

Lakini Wilkin mwenyewe hakucheka. Siku mbili hakugusa chakula, hata moro yangu ya wali na maharage. Aliniambia, "Mama, miaka sita nimekaa nao, wakanitoa kama kiatu kilichobana." Nikamwambia kiatu kilichobana hakitolewi watu wawili. Akatabasamu kidogo, akaomba ndizi za kukaanga. Nikajua amepona.

Hali yenyewe ni hii, nisikufiche. Timu yenu ina mdakaji mzee mwenye magoti mabovu, na wa pili wamemwacha aende zake wiki iliyopita. Nafasi iliyobaki ni moja. Wanaigombea Wilkin na kijana mmoja kutoka Venezuela. Machi watawapima wote wawili huko kusini kwenye joto. Atakayeshinda anakuja kwenu Aprili, atakayeshindwa anarudishwa timu ndogo. Huyo wa Venezuela anapiga vizuri, wanasema. Apige tu. Wilkin ana mkono ambao nimeulisha mwenyewe, na hakuna mkimbiaji anayechomoka kuiba kituo mbele yake akafika salama. Aprili yuko kwenu. Mimi tayari nimemnunulia soksi za sufu.

Kinachonisumbua ni kimoja tu. Kule alikotoka alizoeana na watu, wakimtania, wakimshangilia. Kwenu hana anayemjua, Kiingereza chake ni cha kuombea maji, na watu wa huko wana kisirani na mgeni anapodondosha mpira. Wewe ni mama yake mkubwa. Siku ya kwanza nenda uwanjani, kaa nyuma yake kabisa, karibu na wavu. Mwambie shemeji avue ile kofia ya wapinzani, la sivyo abaki nyumbani na paka.

Msalimie mwanao Yokasta na mumewe, na yule mjukuu wako mnene nisiyemjua. Mama anakubusu. Don Fello wa dukani anauliza utarudi lini umcheke tena.

Mungu akukinge na baridi na akuzidishie miaka.

Na Wilkin akishuka kuchuchumaa, mwite kwa sauti ile uliyokuwa ukituitia chakula tulipokuwa wadogo. Hatageuka, maana hawaruhusiwi, lakini mabega yake yatasikia. Usiponyanyua sauti nitajua, mimi nitakuwa mbele ya televisheni.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Eneida