Ndege wa Mpunga na Simu ya Mama Mdogo

Jumanne, Kilosa

Sijamwambia mtu yeyote: ule mchezo wa simu wa kufukuza ndege kwenye mpunga nimeutengeneza mimi. Dada Asha, mtoto wa mama mdogo wa Mikumi, nilimwambia nimeupakua tu mtandaoni.

Leo alikuwa anaucheza kwenye simu yangu, anakaribia kushinda, mama mdogo akapiga simu. Asha alipomaliza kuongea naye, mchezo ukajifunga wenyewe. "Nani katengeneza uchafu huu?" akacheka. Iliniuma.

Jioni bibi alinikuta natwanga. Nikaweka mchi chini, nikamwamkia shikamoo, nikasubiri marahaba ndipo nikaendelea. Hapo nikaelewa. Simu ikiingia, mchezo hunyang'anywa kioo, lakini sehemu inayochora ndege bado inachora pasipo na kioo, ndiyo maana mchezo unajifunga. Nilikuwa naiambia isimame, bila kusubiri iitikie kwamba imesimama.

Sasa mchezo unasubiri jibu hilo kwanza, ndipo unaachia kioo. Nimejipigia kwa simu ya bibi mpaka kaniuliza nina nini. Ndege wanarudi palepale walipokuwa!

Kesho Asha anaondoka. Mchezo ukivumilia simu ya mama yake, nitamwambia ni wangu. Na akicheka tena… Hapana, nitamwambia. Ila mpaka nimwambie mwenyewe, tafadhali, daftari langu, siri hii ibaki kati yetu.