Chumvi Haitakuwepo Kule

Jumamosi. Joto, upepo umekata tangu asubuhi.

Samahani Hadija, na ninyi wengine mnaopita humu. Nimekaa kimya muda mrefu. Mwanangu Salma anaota meno, halafu kuna swali nilikuwa nalikimbia.

Hadija ni rafiki yangu wa tangu shule, sasa anaishi Namibia. Anakusanya wanawake wa kushuka naye mto unaokatiza jangwani, kwa boti ya mpira, maji yakigonga mawe. Nilimwambia nakuja kabla sijafikiri. Sasa anataka jibu la kweli.

Tangu hapo situlii. Natandika kitanda kilichotandikwa.

Mimi mtu wa Msimbati, bahari iko mlangoni, na sijui kuogelea. Wanawake huku tunaingia maji yakitoka, tunatafuta pweza, yakirudi na sisi tunarudi. Basi.

Wifi yangu Somoe akajitolea kunifundisha kuelea. Kila siku ananishika mgongo huku ananicheka. "Wifi, legea. Umekakamaa kama samaki ng'onda aliyekaushwa juani."

Leo akaniachia, nikaelea. Masikio ndani ya maji, juu mbingu tu. Tangu nijifungue, sikumbuki lini nilikaa bila mtu kunishika.

Nilirudi nyumbani natamba. Baba Salma alikuwa anambembeleza mtoto, hata hakugeuka.

"Hapo umebebwa na chumvi, Mama Salma. Mtoni hakuna chumvi."

Nilinuna. Kwa sababu ni kweli.

Na Ruvuma, mto wetu wa karibu, una mamba, siwezi kwenda kujijaribu kule.

Salma akaja kunyonya, akanishika sikio kama kawaida yake. Nikawaza, nikizama huko jangwani atashika sikio la nani? Ila nikiacha kwenda, najua nitaendelea kutandika kitanda hiki hiki.

Kwa hiyo Hadija, nakuja. Lakini nikishamwachisha Salma ziwa, si kabla. Hapo sibishani na mtu. Sogezeni safari.

Na bado nahitaji unitumie: jaketi la kuokolea, pana kifuani, maana bado nanyonyesha, nianze kulizoea huku. Viatu vya maji, namba thelathini na nane. Jina la huyo atakayetuongoza kwenye boti. Na video ya pale mto unapokuwa mbaya kuliko pote. Ile ya machweo uliyonitumia nimeshaiona.