Ngozi Yangu Iliyobaki Mbeya

Mjukuu wangu Neema,

Bwana asifiwe. Hapa Igowole tu wazima, babu yako anavuna mahindi. Umeniuliza kama niliogopa kuwaachia watafiti wa Mbeya kipande cha ngozi yangu. Niliogopa hadi nikarudi kukidai! Unajua sisi hata kucha tunazifukia, mtu asije akatuloga nazo.

Daktari wao akasema, “Ni haki yako, mama, ila tazama kwanza.”

Walikuwa wamezikuza seli za ngozi ile, wakazikwangua katikati wajifunze jinsi kidonda kinavyofunga. Picha ya jana yake ilionyesha ufa mpana. Nikainama kwenye hadubini: seli nyembamba, hai, zimejinyoosha kutoka pande zote mbili, bado kidogo zigusane.

“Nikupe ukazifukie?”

Nikachungulia tena. “Hapana, mwanangu. Ziache kwanza zimalize.”

Nakuombea,
Bibi yako